Viti Mia na Taa za Trela

Jinja ni mji uliozoea umeme. Tangu bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, nyaya nene zimekuwa zikitoka hapo penye Mto Nile kwenda kuwasha miji ya mbali, na mtoto wa Walukuba hukua akiiona milingoti yake kama mtoto wa shamba anavyoiona mivule. Pengine ndiyo sababu umeme mdogo, ule wa volti 12 uliomo katika betri ya gari, hudharauliwa. Ukiugusa haukurushi. Hauna mlio. Huleta msiba pale tu unapokosekana, na hilo watu hawalitambui mpaka giza liingie.

Katika mtaa mmoja wa mji huo waliishi, na wangali wanaishi, bwana na bibi wenye trela. Bwana ni mtumishi wa ofisi ya serikali. Bibi, ambaye kwao ni Mbale, ana shughuli ya kukodisha mahema na viti kwa ajili ya arusi na matanga. Shughuli hiyo aliianza kwa mkopo wa kikundi cha akina mama wanaowekeana akiba, akaulipa kidogo kidogo kwa taabu. Hapo mwanzo alikuwa akikodi lori kwa kila safari, na faida yote ikaishia mfukoni mwa mwenye lori. Ndipo walipokubaliana kujiundia trela lao: ekseli ya gari kuukuu, magurudumu mawili, vyuma vya pembe vilivyochomelewa na mafundi wa kando ya barabara, na huko nyuma taa mbili, moja kila upande. Huvutwa na pikapu ya bwana iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, kama yalivyo magari mengi ya Uganda.

Gari hilo halikuja na soketi ya trela. Fundi mmoja aliziparua nyaya za taa zake za nyuma, akaunganisha zake humo, akazungushia utepe mweusi, akapokea ujira. Kwa mwaka mzima kila taa iliwaka ilipotakiwa kuwaka. Kuwaka huko ndiko kulikowaponza, maana kitu kinachofanya kazi hakichunguzwi.

Ikafika Agosti 2024. Ulikuwa mwaka wa imbalu, kwa kuwa Wamasaaba huwatahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kaka yake bibi alikuwa na kijana wa kusimama uani siku ya Jumamosi. Shangazi hakosekani katika jambo kama hilo, na shangazi mwenye mahema na viti huhitajiwa mara mbili. Bwana mwenyewe ndiye aliyempigia shemeji yake simu na kutoa ahadi: viti mia na mahema mawili vitafika Ijumaa usiku, mapema kuliko wageni. Ahadi ya mume mbele ya wakwe ni kitu kizito katika pande zile. Mkwe huheshimiwa kwa kukaa naye mbali, wala mtu hapendi umbali huo ujazwe na habari za kushindwa kwake.

Alhamisi jioni bwana alifanya matayarisho kama mtu mwenye busara. Alizijaribu taa zote, naye mtoto wake wa kiume akasimama nyuma akipiga kelele, "Breki! Kushoto! Kulia!" Zote zilikuwa nzima. Kisha akakumbuka kwamba safari iliyopita trela lilikuwa likilia njia nzima pale linaposhikana na gari, yaani palipo na tufe la chuma nyuma ya pikapu na kikombe cha chuma kinacholifunika. Akaliangalia tufe lile, akaona limekwanguka. Akachota grisi kwa mkono akalipaka tufe lote, akakipaka na kikombe kwa ndani, akalifunga trela, akaenda kuoga. Kazi ile ilikuwa njema, na kitabu chochote cha matunzo ya trela kingemsifu. Kosa lilikuwa moja tu: baada ya kupaka hakuzijaribu taa mara ya pili. Mbona azijaribu, naye ametoka kuzijaribu nusu saa iliyopita?

Ijumaa alichelewa kutoka ofisini, wakashika njia saa kumi na ushei. Barabara ya kwenda Mbale hupita Iganga, kisha hapo Nakalama huliacha lami la kwenda Tororo na kuingia upande wa Namutumba na Tirinyi. Yote kwa jumla ni kilomita 140 na zaidi kidogo. Walipofika Iganga, askari wa barabarani aliwasimamisha akawaambia kwamba taa zao za nyuma zinacheza: breki zikishikwa huzimika, na indiketa zinawaka zenyewe.

Wakatafuta fundi. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye maneno mengi. Alisema globu zimechoka, akabadili zote nne. Taa zikakataa. Akasema flasha imekufa, akabadili na flasha. Taa zikakataa. Kisha akapanda juu ya mkono wa trela ili achungulie nyaya ndani ya pikapu, na mara zote zikawaka kwa pamoja, nyekundu na nzuri. Akashuka akipangusa mikono. "Nimeupata ugonjwa," akasema, naye aliamini hivyo kwa moyo safi. Bwana akalipa shilingi 60,000. Bibi aliyekuwa akitazama alimwuliza kijana yule, "Ulikuwa ugonjwa gani, mwanangu?" Akajibiwa kwamba ni mambo ya umeme, mama. Jibu hilo wanawake hupewa mara nyingi sana, na aghalabu mtoaji wake ndiye asiyejua.

Saa zilikuwa zimekwenda. Jua la Agosti huko huzama saa moja kasoro dakika chache, na walipolifikia bonde la mto Mpologoma, penye majaruba ya mpunga pande zote mbili, giza lilikuwa limeshuka. Msomaji aliyewahi kusafiri Busoga jioni anajua jinsi barabara zake zilivyo. Matrela ya miwa yanayovutwa na trekta hutambaa bila taa hata moja, na waendeshaji wa bodaboda wamejifunza kuyanusa kuliko kuyaona. Bwana alikuwa akienda polepole kwa sababu ya mzigo. Ghafla kikasikika kilio cha breki nyuma, taa ya pikipiki ikayumba ndani ya kioo, ikatoka nje ya lami, ikasimama katika majani ya ukingo, hatua chache kutoka majini.

Bwana akasimamisha gari akashuka mbio. Mwendesha bodaboda alikuwa anatetemeka.

"Mzee, taa zako ziko wapi?" akasema. "Umetutegea kaburi?"

Nyuma yake alikaa mwanamke aliyefunga mtoto mgongoni. Huyo hakutamka neno. Alimgeuza mtoto mbele, akamtazama uso kwa mwanga wa simu, akamvika vizuri kofia yake ya sufu iliyokuwa imeshuka machoni, akamrudisha mgongoni. Bwana aliomba radhi, akatoa fedha, na mwanamke yule akazikataa kwa kichwa. Pikipiki ikaondoka. Trela lilikuwa jeusi ti, kama boma lililohamwa.

Wakasogea kwa mwendo wa miguu mpaka kituo cha biashara kilichokuwa mbele, bibi akitembea nyuma ya trela na tochi ya simu mkononi. Hapo ndipo maneno yalipozuka.

"Baba watoto, hapa ndipo tunapolala," akasema bibi.

"Mama watoto, shemeji nimempa neno langu. Kutoka hapa si mbali. Nitakwenda polepole."

"Polepole ndiko kulikotaka kumwua yule mtoto. Anayekwenda kasi bila taa hukutwa na wachache. Anayetambaa hukutwa na kila mtu."

"Na kwa wakwe nitasema nini?"

"Shemeji yako ni kaka yangu. Neno hilo nitalibeba mimi."

Akapiga simu yeye mwenyewe. Bwana alisimama kando akisikiliza upande mmoja wa mazungumzo, akajihisi mdogo. Lakini usiku ule hakuliwasha gari tena. Watu wengi wangeliwasha, maana aibu mbele ya ukoo imewaendesha wanaume wengi gizani.

Mwenye duka mmoja aliwaruhusu kuegesha chini ya taa ya baraza yake. Wapo wageni wapitao Jinja kuelekea maporomoko ya Sipi huku wakivuta trela ndogo zilizotengenezwa makusudi kwa kulala, zenye godoro, jiko na pazia. Trela la usiku ule lilikuwa na viti vya plastiki. Walikunjua hema moja wakalifunika juu ya vyuma, wakajibanza humo kati ya safu za viti, na mbu wa mpunga wakawapokea. Hawakusemezana sana. Ila usiku wa manane bwana aliuliza, "Unadhani yule mtoto ana umri gani?" Bibi akajibu kwamba haupiti mwaka mmoja.

Kulipopambazuka, saa kumi na mbili na nusu, waliondoka, na saa mbili kasoro walikuwa chini ya mlima Wanale. Ngoma za kadodi zilikuwa zimekwisha kuanza na vijana walipita barabarani wamepakwa unga wa ulezi. Kaka mtu alikuwa amekwisha kuazima mabenchi, lakini hayakutosha, na viti mia vilishuka katika trela vikakaliwa kabla havijafutwa vumbi. Kijana wao alisimama uani bila kupepesa jicho. Mama mkwe, ambaye bwana alimwogopa kuliko wote, alimpelekea sahani ya malewa yaliyoungwa kwa karanga, bila kutaja habari za usiku. Yalipokwisha yale, Jumapili wakatafuta fundi mwingine.

Walielekezwa kwa mzee mmoja afanyaye kazi chini ya mwembe, mwendo mfupi kutoka mnara wa saa wa Mbale. Vifaa vyake vilikuwa vichache kiasi cha kumvunja mtu moyo: globu moja ya volti 12 iliyounganishwa na nyaya mbili zenye vibanio, waya mrefu wa mita sita hivi, kisu, kipande cha msasa na spana chache. Bwana alianza kumweleza habari za globu na flasha. Mzee akamkatiza kwa adabu.

"Tangu taa zilipowaka vizuri mara ya mwisho, ni kitu gani kimebadilika?"

"Hakuna," akasema bwana.

Bibi alikuwa amevaa gomesi ileile ya Ijumaa. Aliushika upindo wake akauinua. Palikuwa na doa jeusi la grisi, pana kama kiganja, alilolipata alipokuwa akipanda kati ya gari na trela.

"Hiki," akasema. "Hiki Jumatano hakikuwapo."

Mzee akalitazama doa, akalitazama tufe, akacheka taratibu. Akamwomba bwana awashe taa ndogo, zikawaka kwa unyonge. Akamwambia akanyage breki. Badala ya kung'aa, taa nyekundu zilizimika, na zile za indiketa, ambazo hakuna aliyeziwasha, zikaanza kumulika kwa mbali.

"Umeme huu unajua kwenda, haujui kurudi," akasema mzee. "Umekosa njia yake, sasa unapita uani kwa majirani."

Maana yake ni hii. Umeme wa betri hauishii kwenye globu. Hutoka upande chanya, ukapita katika waya na nyuzi za globu, kisha sharti urudi upande hasi. Katika gari njia ya kurudi ni bodi lenyewe la chuma. Trela lina bodi lake, na bodi hilo limetengana na la gari. Kwa hiyo ndani ya plagi hutengwa waya mmoja kwa kazi ya kurudisha tu, ambao mafundi huuita ethi. Waya huo ukikatika, taa zote za trela hubaki zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na umeme hutafuta upenyo popote: huingia kwa taa ndogo, ukapenya kinyumenyume katika globu ya breki au ya indiketa, ukarudi garini kwa waya wa mwingine. Ndiyo maana taa zikaonekana zimerogwa. Taa moja ikifa peke yake, shuku globu yake. Zikifa za kazi moja pande zote mbili, tazama fusi au waya wa kazi hiyo. Lakini zikianza zote kufifia na kuitikiana, acha globu zilizo nzima zikae mahali pake.

Mzee hakuishia kwenye maneno. Alifunga ncha moja ya waya wake mrefu kwenye kichwa hasi cha betri ya pikapu, akakwangua rangi kidogo kwenye chuma cha trela, akaigusisha ncha ya pili hapo. Taa zote zikasimama imara, kila moja kwa kazi yake. Akaiondoa, zikalegea. Akairudisha, zikasimama. Jambo hilo lilichukua muda usiozidi kuchemsha chai, nalo halikuharibu kitu wala kuhitaji duka.

Ndipo alipofungua plagi. Plagi ya namna ile ina pini saba, na kila pini ina namba yake iliyochapwa ndani: ya kwanza indiketa ya kushoto, ya nne ya kulia, ya sita breki, ya tano na ya saba taa ndogo za kulia na kushoto, ya pili taa ya ukungu, na ya tatu ndiyo ethi. Nchi nyingi hufuata pia rangi, na ethi huwa nyeupe. Lakini mzee alionya kwamba fundi aliyeishiwa waya mweupe hutumia wowote alio nao, kwa hiyo iaminiwe namba kuliko rangi. Waya wa pini ya tatu ulionekana mzima kwa nje. Alipouvuta, ngozi yake ya plastiki ilirefuka kama kamba ya mpira: ndani shaba ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani, imekatika zamani.

"Zamani lini?" akauliza bwana. "Taa zimewaka mwaka mzima."

Mzee akalipiga tufe kwa spana. Njia ya kurudi ilikuwa hapo. Waya ulipokufa, umeme ulipita katika kikombe na tufe, chuma kwa chuma, navyo kwa kukwaruzana vilijisafisha kila siku; ule mlio uliomkera bwana ulikuwa mlio wa taa zake zikifanya kazi. Grisi ilipoingia katikati, njia ikafungwa. Wakati trela limekandamizwa kwa uzito, kama alipolipanda yule kijana wa Iganga, vyuma viligusana na taa zikawaka; barabara ilipolirusha, zikazimika.

Bwana alichukua kitambaa akataka kuifuta grisi yote. Mzee akamshika mkono.

"Iache, bwana mkubwa. Hiyo iko mahali pake. Tufe kazi yake ni kuvuta, si kupitisha umeme."

Akaukata waya mpaka alipoipata shaba yenye rangi yake, akaufunga upya katika pini ya tatu. Kwa upande wa trela akakuta kichwa cha waya kimefungwa kwa bolti juu ya rangi, jambo ambalo ni sawa na kufunga mlango kisha kumkaribisha mgeni; akapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akakaza, na baada ya kukaza akapaka vaselini juu yake ili maji yasiingie. Kisha akapeleka waya wa ethi hadi kwenye kila taa, asitegemee vyuma vya kuchomelewa. Alitaka shilingi 20,000. Bibi ndiye aliyelipa. Alipouliza ulikuwa ugonjwa gani, alielezwa yote tangu mwanzo, akaonyeshwa na waya uliokufa, akaomba apewe.

Walirudi Jumatatu asubuhi, jua likiwa juu. Walipofika bonde la Mpologoma bwana alipunguza mwendo, akasimama kando. Majani ya ukingo yalikuwa bado yamelala pale pikipiki ilipopita, na kutoka hapo hadi majini palikuwa pafupi kuliko alivyodhani usiku ule.

"Nilimwambia mzee hakuna kilichobadilika," akasema.

"Nilikusikia," akajibu bibi.

"Nilikumbuka grisi tangu tulipokuwa Iganga. Nikaona haihusiani."

Bibi hakujibu. Alimfungulia mlango ili ashuke, naye akaenda nyuma ya trela akasimama mahali ambapo mwendesha bodaboda angekuwa. "Rudi garini ukanyage breki," akamwambia. Akakanyaga. "Kushoto." Akawasha. "Kulia."

Gomesi ile ilisuguliwa kwa sabuni kavu, ikalowekwa, ikasuguliwa tena, na doa likabaki kivuli. Sasa ndiyo avaayo siku za kupakia viti.